Namba kubwa inapokupa majibu ya ajabu: tafuta chanzo kwa dalili

Mtu akiniambia "namba hii ni tasa" au "namba hii ina vigawo arobaini", swali langu la kwanza haligusi utasa wala vigawo. Namuuliza: tarakimu ya mwisho ni ipi, na unazo zote? Kwa namba ya tarakimu sita au saba swali hilo halina kazi. Zikifika tarakimu 16 na kuendelea, sehemu kubwa ya matatizo ninayoletewa na wanafunzi wa Mlimani, na vijana wanaoandika programu Kijitonyama, na watu wa ofisi za Posta wenye majedwali marefu, hayatokani na hesabu hata kidogo. Namba imeharibika njiani kabla hesabu haijaanza, na mtu amekaa anachunguza sifa za namba nyingine kabisa.

Tutafanya kazi na namba moja karibu mwongozo wote:

18446744073709551617

Ina tarakimu 20. Ni 2^64 + 1, yaani mbili kwa kipeo cha 64, ukaongeza moja. Katika karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba namba za ukoo huu (3, 5, 17, 257, 65537, na kuendelea, kipeo kikiwa maradufu kila hatua) zote ni tasa. Hizo tano za mwanzo kweli ni tasa. Ya sita ni 4294967297, na mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba ni 641 × 6700417. Yetu ndiyo inayofuata, na aliyeivunja ni Fortuné Landry, Mfaransa mwingine, mwaka 1880:

18446744073709551617 = 274177 × 67280421310721

Nimeichagua kwa sababu inanasa karibu katika kila mtego ninaoujua. Ukiweza kuipitisha salama kwenye simu au kompyuta yako, nyingine nyingi za ukubwa huo zitapita.

Dalili: namba inaishia na sifuri nyingi, au inaonekana kama 1.84E+19

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na haiwapati wanahisabati peke yao. Pale Mwenge, katika steshenari moja, katibu wa kikoba alikuwa ameleta orodha ya wanachama ichapwe: jina, simu, namba ya NIDA. Kijana akachapa, akatoa karatasi ya kwanza. Mama akaipitisha kidole kutoka juu hadi chini.

"Mwanangu, mbona vitambulisho vyote vinaishia sifuri tano?"

"Mama, mimi nimechapa kama zilivyo kwenye daftari lako."

Na alikuwa anasema kweli. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba, basi. Ukichapa ya 16 na zinazofuata, inazipokea, halafu inaziandika upya kama sifuri bila kukuambia kitu. Kwa hiyo 20 toa 15, zinabaki sifuri tano. Kwa lugha ya hesabu, safu nzima ya kikoba ilikuwa imegeuka namba zinazogawanyika kwa 100,000. Shufwa zote. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kusajiliwa sehemu moja wangeweza kabisa kupata namba moja.

Kurekebisha: kabla ya kuchapa, chagua safu na uifanye ya maandishi badala ya namba, au anza kila namba na alama ya apostrofi ('), au chapa na vistari kama ilivyo kwenye kadi, maana vistari vinaifanya Excel iichukue kama maandishi. Kubadilisha aina ya safu baada ya kuchapa hakusaidii. Tarakimu zilizopotea hazimo tena ndani ya faili, lazima zichapwe upya kutoka kwenye chanzo.

Usichanganye hilo na tatizo la sura tu. Kumbukumbu namba ya malipo ya serikali ina tarakimu 12, na jedwali linaweza kuionyesha kama 9.9E+11 ikakushtua. Hiyo haijapoteza kitu. Bofya kisanduku, angalia mstari wa juu: ukiona tarakimu zote 12, namba ni nzima, panua safu na ubadilishe mwonekano wake tu.

Sasa ya kwetu. Ukichapa 18446744073709551617 kwenye Excel, unabaki na 18446744073709500000. Ukiandika fomula =2^64+1 na kuonyesha tarakimu zote, unapata 18446744073709600000. Majibu mawili tofauti ya namba moja, yote si sahihi: la kwanza limekatwa, la pili limekadiriwa. Na yote mawili ni shufwa, wakati namba halisi inaishia na 7.

Mfano mwingine unaowasumbua wanafunzi ni 25!, yaani 1 × 2 × 3 hadi 25. Mwalimu anauliza: inaishia na sifuri ngapi? Jedwali linaonyesha 15511210043331000000000000, mwanafunzi anahesabu sifuri 12. Jibu ni 6. Kila sifuri ya mwisho inahitaji 5 moja ikutane na 2 moja. Kati ya 1 na 25 kuna 5, 10, 15, 20 zenye tano moja moja, na 25 yenye tano mbili. Jumla sita. Namba yenyewe ni 15511210043330985984000000.

Na hapa pana kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinafanyika kwa kalamu. Jumlisha tarakimu. Namba inayogawanyika kwa 9 lazima jumla ya tarakimu zake igawanyike kwa 9, na 25! ina 9 ndani yake, hilo halina ubishi. Ile ya kweli inatoa 72. Sawa. Ile ya kwenye jedwali inatoa 30. Haigawanyiki kwa 9, kwa hiyo haiwezi kuwa 25!, hata kama imetoka kwenye kompyuta ya bei gani.

Kipimo cha tisa kina udhaifu mmoja: hakioni tarakimu zilizopishana. Ukichapa 47 badala ya 74, jumla ni ileile. Kwa hiyo kiongezee cha 11: anza kulia, jumlisha na kutoa kwa zamu. Tarakimu mbili jirani zinazotofautiana zikipishana, baki ya 11 itabadilika. Kwa namba yetu, baki kwa 9 ni 8, na baki kwa 11 ni 6. Andika hizo mbili pembeni ya daftari. Kila utakapoihamisha namba kutoka chombo kimoja kwenda kingine, zihesabu tena.

Dalili: namba imegeuka hasi, au imekuwa ndogo ghafla

Hii ni ya wanaoandika kwa C, Java na ndugu zao. Umezidisha namba chanya tupu, umepata hasi. Mfano wa kawaida ni 21!. Jibu sahihi ni 51090942171709440000. Programu inatoa -4249290049419214848. Sanduku la biti 64 lenye alama, yaani linaloshika chanya na hasi, linaishia 9223372036854775807, na 20! ndiyo faktoriali ya mwisho inayoingia humo. Kinachozidi kinazunguka na kurudi upande wa hasi.

Lisilo na alama, la chanya tu, linafika 18446744073709551615. Tazama namba yetu: imezidi kwa mbili. Ukiilazimisha humo inageuka 1. Na moja si tasa, haina kigawo tasa hata kimoja, kwa hiyo programu itamaliza kazi papo hapo bila kuchapisha chochote, na utadhani kitanzi chako, ile sehemu ya programu inayojirudia, kina kasoro.

Wanaotengeneza mifumo ya usajili walitazame hili kwa makini. Namba ya NIDA inaanza na mwaka wa kuzaliwa, yaani 19 au 20, kwa hiyo kila namba ya NIDA ya mtu aliye hai ni kubwa kuliko kikomo cha biti 64. Ingeingia kama ungekuwa umezaliwa mwaka 1844 au kabla. Ihifadhi kama maandishi.

Kwa hesabu zenyewe, tumia lugha ambayo namba zake kamili hazina kikomo. Python ndiyo rahisi zaidi kuipata: kwenye simu ya Android weka Termux, kisha pkg install python, na hapo hata simu ndogo ya Kariakoo inashika tarakimu elfu bila tabu. Anayependa hesabu tupu aweke PARI/GP, programu ya nadharia ya namba, ina factor, isprime, numdiv, sigma na eulerphi tayari.

Dalili: namba inagawanyika kwa kila kitu

Umehamia Python, umefurahi, halafu programu inakuambia namba yako inagawanyika kwa 3, kwa 7, kwa 10, kwa 13. Angalia alama ya kugawanya. Mkwaju mmoja (/) unatoa jibu la desimali, na desimali za kompyuta zina biti 53 tu za usahihi. Zaidi ya 9007199254740992, ambayo ni 2^53, hakuna tena nafasi ya nukta na vipande. Kila jibu linaonekana kamili.

Jaribu 18446744073709551617 / 3. Linatoka 6.148914691236517e+18. Uliza kama hilo ni namba kamili, utajibiwa ndiyo. Lakini baki kwa 3 ni 2, unaweza kuipata kwa kujumlisha tarakimu: 89, toa 87, baki 2.

Tumia % kupata baki na // kugawanya, siku zote. Ukiona nukta ya desimali popote ndani ya programu ya nadharia ya namba, isimamishe hapo hapo na utafute ilipoingilia.

Ndugu yake ni kipeuo cha pili. math.sqrt inatoa desimali, kwa hiyo kuna namba za mraba kamili ambazo itazikana. Chukua 9007199254740993 uizidishe yenyewe kwa yenyewe. Kipeuo chake ni namba kamili kwa ujenzi wake, lakini math.sqrt haiwezi kamwe kurudisha 9007199254740993, kwa kuwa desimali ya kompyuta haina namna ya kuiandika. math.isqrt inaweza.

Dalili: simu inaganda ukijaribu kupima utasa

Umeandika 2**(n-1) % n, n ikiwa namba yetu. Unaiomba mashine ikokotoe kwanza mbili kwa kipeo cha 18446744073709551616, ndipo itafute baki. Namba hiyo peke yake ingehitaji takriban gigabaiti bilioni 2.3 za kumbukumbu. Andika pow(2, n-1, n) yenye vitu vitatu. Hapo baki inachukuliwa kila hatua, na kazi inaisha kabla hujainua kidole.

Dalili: chombo kimoja kinasema tasa, kingine kinakataa

Hapa sasa ndipo hesabu yenyewe inapoingia, na ndipo nawaomba watu watulie.

Fermat huyohuyo alituachia kanuni: kama p ni tasa na a haigawanyiki kwa p, basi a kwa kipeo cha p − 1 inabakiza 1 ukigawa kwa p. Watu wanaigeuza: "nimepata 1, basi ni tasa". Kugeuza huko si halali. Andika pow(2, 340, 341), utapata 1, na 341 ni 11 × 31. Jaribu 561, ambayo ni 3 × 11 × 17: inabakiza 1 kwa kila a isiyo na kigawo cha pamoja nayo. Namba za aina hiyo zinaitwa za Carmichael, na mwaka 1994 Alford, Granville na Pomerance walithibitisha kuwa hazina mwisho.

Namba yetu ina tabia mbaya zaidi. pow(2, n-1, n) inatoa 1. Sababu yake inaonekana kwa macho: n ni 2^64 + 1, kwa hiyo 2^64 inabakiza −1, 2^128 inabakiza 1, na kila kipeo kinachogawanyika kwa 128 kinabakiza 1. Kipeo chetu, 2^64, kinagawanyika kwa 128. Wala hapakuhitajika utasa popote katika hoja hiyo. Hata kipimo cha utasa cha Miller na Rabin, kilicho kikali kuliko hiki, kinadanganyika hapa ukikipa msingi (ile a) wa 2 peke yake, kwa sababu kinaiona −1 njiani na kuridhika. Ndiyo maana mwanafunzi aliyejaribu msingi mmoja wa 2 anarudi na "tasa" mkononi, na mwenzake aliyetumia PARI anarudi na "si tasa", wanabishana mpaka mwendokasi wa mwisho unapita.

Badilisha msingi. Kwa ukoo huu wa Fermat, Mfaransa Théophile Pépin alitoa mwaka 1877 kipimo kisichoacha shaka: 3 kwa kipeo cha (n − 1)/2 lazima ibakize n − 1, vinginevyo n si tasa. Andika pow(3, (n-1)//2, n) == n-1, jibu ni False. Kesi imekwisha, na hujahitaji kukijua kigawo hata kimoja.

Kwa namba za kawaida fanya Miller na Rabin kwa misingi kadhaa. Usiridhike na minne: 3215031751 inapita kwa 2, 3, 5 na 7, na bado ni 151 × 751 × 28351. Ukitumia tasa kumi na mbili za mwanzo, kuanzia 2 hadi 37, jibu ni uhakika kamili, halina bahati ndani yake, kwa kila namba iliyo chini ya 318665857834031151167461. Hiyo ina tarakimu 24. Namba ya tarakimu 20 inalala humo kwa nafasi.

Dalili: programu ya kutafuta vigawo haimalizi

Kabla ya kulaumu simu, soma kitanzi. Kosa linalorudi mara nyingi ni hili:

for d in range(3, isqrt(n)+1, 2):

Ndani ya kitanzi mtu anagawanya n kila anapopata kigawo, akidhani kikomo kitapungua. Hakipungui. range ilipiga hesabu yake mara moja mlangoni, na itaendelea hadi 4294967296 hata baada ya n kupungua. Hiyo ni zaidi ya mara bilioni mbili za kugawanya. Andika hivi:

d = 3
while d * d <= n:
    while n % d == 0:
        print(d)
        n //= d
    d += 2
if n > 1:
    print(n)

(Namba shufwa igawanye kwanza kwa 2 hadi iwe witiri.) Sasa d ikifika 274177, n inashuka hadi 67280421310721, na kikomo kipya ni karibu milioni 8.2. Badala ya bilioni mbili, hatua kama milioni nne. Na mstari wa mwisho usiusahau: bila huo, kigawo kikubwa hakichapishwi kabisa, na utaripoti kwamba namba ina kigawo tasa kimoja.

Ukijua ukoo wa namba, punguza zaidi. Euler alionyesha, na Édouard Lucas akakaza mwaka 1878, kwamba kigawo tasa chochote cha 2^64 + 1 lazima kiwe na sura 256k + 1. Basi jaribu 257, 513, 769, na kuendelea. 274177 ni 256 × 1071 + 1. Majaribio 1071. Hiyo unaweza kuifanya kwa kikokotoo na daftari, na ukiwaza kwamba Landry hakuwa na kikokotoo, unaona thamani ya kujua sura ya kigawo kabla ya kukitafuta.

Ila kuna mahali njia hii inafia kihalali. Inayofuata katika ukoo, 2^128 + 1, ina kigawo kidogo cha 59649589127497217. Kwa kasi ya majaribio milioni moja kwa sekunde, kupita witiri moja moja kungechukua zaidi ya miaka 900. Kwa kuruka hatua za 512, maana hapa sura ya kigawo ni 512k + 1, miaka mitatu na nusu na ushee. Morrison na Brillhart waliivunja mwaka 1970 kwa njia tofauti kabisa, ya sehemu endelevu. Leo factor(2^128+1) kwenye PARI ni sekunde chache. Kwa hiyo ukifika vigawo vya tarakimu kumi na zaidi, achana na kugawanya moja moja, tumia njia ya rho ya John Pollard ya mwaka 1975 au chombo kilichokamilika.

Rho nayo ina ugonjwa wake: inazunguka bila mwisho, au inakurudishia n yenyewe. Mara nyingi ni kwa sababu umeipa namba tasa, haina cha kupata. Pima utasa kwanza. Kama si tasa na bado inagoma, badilisha c katika x² + c, ile fomula ambayo rho inaitumia kutoka namba moja kwenda inayofuata. Ila 0 na −2 usizitumie.

Dalili: "si tasa", lakini kigawo hakipewi

Hiyo si hitilafu. Kupima utasa na kutafuta vigawo ni kazi mbili, na ya pili ni ngumu mno kuliko ya kwanza. Katika ukoo wa Fermat, ile yenye kipeo cha 2^20 ilithibitishwa mwaka 1987 kuwa si tasa, na hadi leo hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana. RSA-250, namba ya tarakimu 250 iliyotungwa makusudi iwe ngumu, ilivunjwa mwaka 2020 kwa kazi sawa na ya kiini kimoja cha kompyuta kwa miaka 2,700 hivi. Namba za biti 2048 zinazolinda tovuti nyingi zina tarakimu 617. Ukikwama hapo, programu yako ni nzima.

Dalili: idadi ya vigawo, jumla yake au φ havilingani na vya mwenzako

Karibu kila mara ni vipeo. Idadi ya vigawo hupatikana kwa kuongeza moja kwenye kila kipeo kisha kuzidisha. 12 ni 2² × 3, kwa hiyo (2+1)(1+1) = 6. Anayeorodhesha tasa bila vipeo anapata 4. Kwa 20! tofauti inakuwa kubwa mno: 2^18 × 3^8 × 5^4 × 7^2 × 11 × 13 × 17 × 19 inatoa 19 × 9 × 5 × 3 × 16 = 41040, na anayesahau vipeo anapata 256.

Kwa φ, ile ya kuhesabu namba zisizo na kigawo cha pamoja na n, tasa inayojirudia haitoi p − 1 kila mara. Inatoa p − 1 mara moja na p kwa zilizobaki. φ ya 12 ni 4. Ukipata 2, umekosea hapo. Na kwenye jumla ya vigawo, ulizaneni kwanza kama n yenyewe imo. Kuna wanaoihesabu na kuna wanaoiacha, na wote wana sababu.

Kwa namba yetu, ukaguzi ni huu: vigawo 4, jumla ya vigawo pamoja nayo 18446811354131136516, φ ni 18446676793287966720. Chombo chako kikitoa tofauti hata kwa tarakimu moja, rudi kwenye desimali.

Dalili: inaanza kwa kasi halafu inazorota

Laptop iko juu ya kitanda au godoro, feni imejaa vumbi, na ni Februari. Kichakataji kikipata moto kinajipunguza kasi chenyewe. Iweke juu ya meza, safisha feni, iache ifanye kazi usiku. Na kwa kuwa umeme unaweza kukatika wakati wowote, kazi ya saa nyingi iandikie faili kila baada ya muda: namba iliyobaki, vigawo vilivyopatikana, na d ilipofikia, ili uanzie hapo na si kwenye 3.

Ukihitaji kuomba msaada

Usitume picha ya skrini ya simu iliyokatwa katikati ya namba. Tuma namba kama maandishi, nzima, bila koma na bila nafasi, kwa sababu ukinakili kutoka PDF namba ndefu mara nyingi inavunjika mistari miwili na nusu yake inabaki nyuma. Pamoja nayo tuma idadi ya tarakimu, baki kwa 9 na baki kwa 11 ulizohesabu kutoka kwenye chanzo, jina la chombo ulichotumia, amri uliyoandika neno kwa neno, na jibu kama lilivyotoka. Kama umeshapata vigawo, vizidishe wewe mwenyewe kwanza kwa namba kamili uone kama vinarudisha namba uliyoanza nayo, halafu utume na matokeo ya kuzidisha huko.